Enduro 40 ya Kilindoni: shajara ya kubadilisha nyaya

Mbalamwezi, boti zimelala

Mashine ya boti iliyoletwa ni Yamaha Enduro HP 40, silinda mbili, ya kuchanganya oili, ya usukani wa mkono na yenye stata ya umeme. Ilikuwa na stata, niseme, maana siku hizi inavutwa kwa kamba. Inasukuma boti ya fiba inayovua dagaa kwa taa hapa Kilindoni, Mafia, na imeletwa sasa kwa sababu mwezi ni mkubwa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na watu wako ufukweni wanashona nyavu. Giza likirudi nahodha anataka kutoka. Muda wangu ndio huo.

Lalamiko: asubuhi ikiwa baridi inawaka bila shida na inatembea taratibu bila neno. Ukifungua mafuta kuongeza kasi inakohoa, halafu inakata. Ikishapata joto ikazima, haiwaki tena mpaka ipoe.

"Fundi, CDI hiyo imekufa," nahodha akaniambia kabla hajaketi. "Nimeambiwa na watu watatu."

"Inawezekana, nahodha. Wameipima?"

"Wameisikiliza."

CDI inasingiziwa sana kwenye pwani hii. Ni kisanduku cheusi kinachotuma umeme wa moto wa plagi, kimejazwa gundi, hakuna anayeweza kukifungua akaona ndani, kwa hiyo kila ugonjwa usiojulikana unawekwa humo. Waya kila mtu anauona, na ukionekana mzima kwa nje haushukiwi. Mwenye mashine anauza mbuzi, ananunua CDI, nyingine si ya asili, anaifunga kwenye nyaya zilezile mbovu, na ugonjwa unabaki palepale. Kazi hii nimekubali kwa sharti moja: hakuna kununua kisanduku chochote mpaka nyaya zote ziwe zimepimwa na zilizooza zimebadilishwa.

Kofia imefunguliwa

Hali ya ndani ni ya mashine iliyopita mikono mingi. Fungu la nyaya la kiwandani limekatwa katikati. Mahali pake kuna waya wa nyumbani wa 1.5 mm², ule wenye uzi mmoja mgumu wa kupitisha ukutani, umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto, tepu yenyewe inateleza kama gome la ndizi. Kipande kingine ni waya wa spika. Ethi ya bloku, waya unaorudisha umeme kupitia mwili wa mashine, imekaa kwenye boliti yenye kutu, teminali yake imegeuka unga wa kijani. Nyaya za stata zimekatwa na ncha zake zimeachwa wazi, nyekundu mojawapo imekunjwa ikaegemea bloku. Betri ingeunganishwa leo, tungepata moto wa aina nyingine.

Waya wa uzi mmoja una nafasi yake, nayo ni ndani ya ukuta ambako hakuna kinachotikisika. Mashine ya boti inatetemeka kila inapozunguka, na uzi mmoja mgumu huchoka mahali pamoja, hasa pale unapotoka kwenye teminali, mpaka unakatika. Nyuzi nyingi nyembamba hujigawia huo mtikisiko.

Kabla ya kugusa chochote nimepiga picha kwa simu kutoka kila upande, nikafunga kipande cha plasta nyeupe kwenye kila ncha na kuandika inakotoka na inakokwenda. Kalamu ya wino wa kudumu, si biki. Petroli inafuta biki kabla hujageuka.

Rangi za Yamaha kwa ufupi, kwa atakayefuata kazi hii: mweusi ni ethi, mweupe ni wa kuzimia, mwekundu ni chanya ya betri, wa njano unapata umeme swichi ikifunguliwa, kijani viwili vinatoka koili ya taa, waridi ni wa kengele ya joto. Mtego uko kwenye kahawia na buluu. Upande wa stata, kahawia ndiyo inayoiamuru rilei (swichi ya umeme) ya stata na buluu ni ya choki. Lakini chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, koili inayoichaji CDI nayo inatoa kahawia na buluu. Rangi moja, kazi mbili zisizohusiana, na moja kati yake inabeba umeme wa betri. Mtu akizikutanisha kwa kufuata rangi tu anaipelekea CDI volti 12 mahali pasipotakiwa. Ndiyo maana plasta yangu inaandika "kahawia ya koili" na "kahawia ya stata", hata kama inachukua nafasi.

Na rangi hizi zisihamishiwe mashine nyingine. Kwenye Johnson, Evinrude na Mercury, waya wa kuzimia ni mweusi wenye mstari wa njano. Fundi aliyezoea Yamaha akiona weusi hudhani ni ethi, anaufunga kwenye bloku, kisha anashangaa mashine haina moto.

Waya mweupe

Kipimo changu cha kwanza kwa mashine yoyote ya CDI isiyo na moto, au yenye moto wa kubahatisha, ni huu: natenganisha waya mweupe karibu kabisa na CDI, nauacha hewani, navuta kamba na plagi zikiwa zimeegemezwa kwenye bloku. Moto ukirudi, CDI nzima, koili nzima, ugonjwa uko kwenye njia ya kuzimia.

Sababu ni kwamba mashine hizi hazizimwi kwa kukata umeme kama taa ya nyumbani. Zinazimwa kwa kuunganisha. Ukibonyeza kitufe, au kamba ya usalama ikivuta kilipu, mweupe unagusana na mweusi, umeme wa CDI unakimbilia ethi badala ya kwenda kwenye koili za plagi. Kwa hiyo waya mweupe uliochubuka ukagusa bloku unafanya kazi ileile ya kitufe, na unaifanya pale boti inaporuka wimbi, si pale mashine inapokaa kimya kwenye meza ya fundi.

Kwa hii, moto ulikuwepo kabla na baada ya kutenganisha. Lakini nilipoupima mweupe wenyewe kwa mita, mguu mmoja kwenye waya na mwingine kwenye bloku, swichi ikiwa imeachiwa, mita ilikaa wazi, yaani hakuna mguso, kisha nikauchezesha usukani kushoto na kulia, ikalia. Waya umechubuka pale unapoingia kwenye kofia. Mpira wa kuuzuia usisuguane na bati haupo, pengine ulitolewa na aliyepitisha waya wa spika.

Huo ni ugonjwa mmoja. Hauelezi kwa nini inakata mafuta yakifunguliwa, maana kufungua mafuta hakugeuzi usukani.

Onyo dogo hapa: volti 12 zisiguse waya mweupe hata mara moja. Kuna watu hupima nyaya kwa taa ya majaribio ya gari iliyounganishwa na betri. Kwenye mashine ya CDI taa hiyo ibaki mfukoni.

Flaiwili juu

Flaiwili imetoka kwa puli ya boliti tatu. Ilikataa kwanza, ikakubali nilipoikaza puli na kuigonga boliti ya katikati kwa nyundo ndogo. Flaiwili yenyewe haigongwi kamwe: sumaku zimegandishwa ndani yake, zikipasuka kipande kinaingia kwenye koili na kazi inaanza upya. Ufunguo wa nusu mwezi uko sawa, sehemu yake kwenye shafti haijalika. Chini yake kuna chumvi iliyoganda na buibui aliyekufa.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye mashine hizi, sahani inayobeba koili haijatulia. Ukifungua mafuta, fimbo inaisukuma sahani izunguke kidogo ili moto uje mapema zaidi. Maana yake nyaya zote zinazotoka kwenye koili zinakunjwa na kukunjuliwa kila unapoongeza na kupunguza mafuta. Nyaya za mashine ya miaka mingi zimekunjwa hivyo tangu siku ya kwanza, tena ndani ya joto na mvuke wa chumvi. Ganda la nje linaweza kubaki zima wakati nyuzi za ndani zimekatika zote isipokuwa mbili tatu.

Niliweka mita kwenye kahawia na buluu za koili ya kuchaji. Sahani ikiwa upande wa taratibu: mita inatoa ukinzani uliotulia. Nikaizungusha sahani kwa mkono polepole kuelekea upande wa kasi. Nusu ya njia namba zikaanza kuruka. Mwishoni: wazi. Nikarudisha: namba ikarudi. Nilimwita nahodha aje ashike sahani yeye mwenyewe huku akitazama mita. Akaizungusha, akarudisha, akaizungusha tena.

"Kwa hiyo nikifungua mafuta ninaukata waya mimi mwenyewe?"

"Ndiyo. Na ukipunguza unauunga."

Akacheka kwa hasira. Kabureta ya mashine hii imesafishwa na watu mbalimbali hadi matundu yake yanang'aa.

Na suala la joto? Waya uliobakiza nyuzi mbili hupanuka ukipashwa, nafasi inaongezeka, mguso unapotea. Ukipoa unarudi. Koili yenyewe pia inaweza kufa kwa joto na kufufuka kwa baridi, kwa hiyo nimeipasha kwa feni ya nywele ya mke wangu, waya ukiwa umewekwa upande unaogusana, na ukinzani haukuruka. Koili ni nzima. Mita ya kawaida haiwezi kupima volti halisi za koili hii, kwa sababu ni mapigo mafupi yanayopanda hadi mamia ya volti. Inahitaji kifaa cha kushika kilele cha pigo, ambacho sina. Lakini kwa waya uliokatika mita ya kawaida inatosha kabisa.

Kutafuta waya Mafia

Waya sahihi wa boti ni shaba iliyopakwa bati, nyuzi nyingi. Shaba tupu kwenye chumvi hugeuka nyeusi, na weusi huo hautulii kwenye ncha: maji hupanda katikati ya nyuzi kwa kunyonywa, ndani ya ganda, mbali na unapoona. Unakata waya unaoonekana mzima, unakuta nyuzi nyeusi. Unakata zaidi, nyeusi bado. Nimeshakata karibu mkono mzima bila kufika kwenye shaba ya rangi yake. Lehemu haikamati kwenye weusi huo, teminali haibani vizuri, na ukinzani unaongezeka.

Duka la vifaa vya boti za starehe haliko Kilindoni. Lakini duka la sola lipo karibu kila mji wa Tanzania siku hizi, na waya wa sola, ule wa kutoka paneli kwenda kwenye chaja, ni shaba iliyopakwa bati, nyuzi nyembamba nyingi, maganda mawili, unaovumilia jua na joto la nyuzi 90. Ni waya wa boti uliokuja kwa jina lingine. Unapatikana wa 4 na 6 mm². Kasoro zake: rangi ni nyeusi na nyekundu tu, na ni mnene kupita kiasi kwa nyaya ndogo za swichi.

Kasoro ya tatu ni udanganyifu. Kuna waya unaouzwa kama wa sola ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Utaujua kwa mambo matatu. Kwanza uzito: bando la aluminiamu ni jepesi mkononi. Pili, kwangua uzi mmoja kwa kisu; ukiona weupe hadi katikati badala ya wekundu wa shaba chini ya bati, urudishe. Tatu, ukunje uzi huku na huko, aluminiamu inakatika haraka. Muuzaji mzuri hakasiriki ukikwangua.

Kwa hiyo mgawanyo ni huu. Chanya kuu ya taa na pampu, na ethi zake: waya wa sola wa 4 mm². Nyaya ndogo za swichi, kitufe na kengele: waya wa gari wenye nyuzi nyingi, kwa rangi sahihi, umeagizwa Dar es Salaam na utavuka kutoka Nyamisati, haujapakwa bati, kwa hiyo kila ncha itazibwa. Nyaya za koili chini ya flaiwili: waya wenye ganda la silikoni, laini sana, unaovumilia joto na kukunjwa. Nyaya nene za stata: waya wa mashine ya kuchomelea vyuma, nyuzi nyembamba mno, ganda la mpira.

Unene si suala la kukisia. Stata ya ukubwa huu inaweza kula ampea 100 hivi inapoanza kuzungusha. Betri iko mita 3 kutoka kwenye mashine, kwa hiyo umeme unasafiri mita 6 kwenda na kurudi. Kwa waya wa 6 mm² unapoteza karibu volti 2 njiani, stata inabaki kuguna. Kwa 16 mm² unapoteza kama 0.7, kwa 25 mm² chini kidogo ya 0.5. Nimechukua 25. Pampu ya kutoa maji ngama, yale yanayokusanyika ndani ya boti, inakula ampea 4 na iko mita 6 kutoka betri: kwa 1.5 mm² inapoteza karibu volti 0.6, kwa 4 mm² robo volti tu. Kanuni za boti za Marekani zinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa za kuongozea na nyaya nyingine muhimu, na robo volti kwenye 12 ni asilimia 2. Tumepita.

Kuunga

Sehemu hii ilichukua muda kuliko zote na ina machache ya kusimulia.

Ugomvi wa siku zote ni lehemu au kubana. Msimamo wangu: ndani ya mashine na boti, kubana kwa koleo sahihi lenye meno ya kubania, si kwa plaizi. Lehemu hupanda kwenye nyuzi na kuzifanya fimbo moja ngumu. Mahali fimbo inapoishia na ulaini unapoanza ndipo mtikisiko unapokatia. Wamarekani hao hao wameandika kwenye kanuni zao kwamba lehemu isiwe peke yake kitu kinachoshikilia kiungo. Na ile asidi ya mafundi redio wa zamani isikaribie kabisa. Inakula shaba miezi baada ya wewe kulipwa.

Kila kiungo kimevikwa mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Ukiupasha gundi inachungulia kwenye ncha zote mbili. Usipoiona, maji yataiona njia. Ule mwembamba usio na gundi ni pambo. Silikoni ya kuzibia mabafu, yenye harufu ya siki, nimeikuta ndani ya sokoti mbili na nimeikwangua yote. Harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka, nayo inakula shaba iliyofungiwa ndani. Sokoti zinawekwa grisi ya umeme.

Koili ya kuchaji ni tofauti. Pale waya unapoungana na ncha ya koili yenyewe hakuna nafasi ya teminali, kwa hiyo lehemu ndiyo njia. Nimeung'oa kahawia wote hadi kwenye koili, na buluu pia ingawa ilipima vizuri, maana ni wa umri mmoja na umekunjwa pamoja na mwenzake. Nimelehemu nyaya za silikoni, kisha nimezifunga kwa uzi na kuzigandisha kwa gundi ya epoksi kwenye mwili wa koili, ili mkunjo usifike kwenye lehemu. Hakuna kiungo chochote katika sehemu inayokunjwa. Kiungo cha kwanza kiko nje ya sahani, mahali palipotulia.

Urefu wa nyaya hizo umenipa taabu. Zikiwa fupi zinavutwa sahani ikienda mwisho. Zikiwa ndefu zinapanda na kusagwa na flaiwili. Nimezipima kwa kuizungusha sahani kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi, nikizisogeza kidogo kidogo, mpaka zikalala chini zenyewe pande zote mbili.

Ethi: boliti imetolewa, bloku imekwanguliwa mpaka aluminiamu imeng'aa, teminali mpya, boliti mpya ya chuma kisichoshika kutu, grisi juu. Nimeongeza waya mmoja wa ethi kutoka bloku hadi bati linalobeba CDI, kwa sababu bati hilo limekalia vipira na lilikuwa linategemea waya mmoja tu uliochoka.

Stata, na swichi ya nyutro

Waya wa kahawia wa stata ulipaswa kupita kwenye swichi ndogo inayojua kama gia iko nyutro. Fundi fulani aliiruka, akaunganisha moja kwa moja. Nahodha alipendelea ibaki hivyo. "Baharini fundi, wakati mwingine huna muda wa kutafuta nyutro."

Nikamuuliza nani hukaa mbele boti inapowashwa. Mwanawe. Mashine ikiwaka ikiwa kwenye gia, boti inaruka na aliyesimama mbele anaangukia mbele ya pangaboi. Swichi imerudi, hatukuendelea na mazungumzo hayo.

Kamba ya usalama nayo imepata kilipu kipya. Ya zamani ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwa kipande cha nailoni ili isitoke. Sijui kama ataivaa mkononi. Hapa watu wanaoivaa ni wachache, na kila mmoja ana habari ya boti iliyozunguka peke yake baharini.

Rilei ya stata ni mpya. Fyuzi ya ampea 20 imewekwa karibu na betri iwezekanavyo, kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Ukiiweka kwenye mashine, mita 3 za waya mwekundu zinapita sakafuni kando ya tangi la petroli bila ulinzi. Waya mnene wa stata haupiti kwenye fyuzi hiyo. Umepitishwa ndani ya bomba lake na swichi kuu ya betri iko kichwani.

Upande wa kuchaji: koili ya taa ya mashine hii inatoa takriban wati 80, yaani ampea 6 na kitu. Inatosha kurudisha ilichokula stata, kuwasha taa za kuongozea na pampu. Haitoshi taa za kuvulia, na hizo zina betri zao zinazochajiwa nchi kavu. Umeme wa koili hiyo ni wa kwenda na kurudi, hauwezi kuingia betri mpaka upite kwenye rektifaya. Iliyokuwepo ilikuwa imeungua, na sidhani iliungua kwa uzee: ukiziunganisha nyaya za betri kinyume hata kwa sekunde moja, au ukichomoa betri mashine ikitembea, rektifaya hufa. Nimenunua yenye regyuleta ndani. Rektifaya tupu inaendelea kusukuma hata betri ikijaa, volti zinapanda kupita 15, na taa za LED hazipendi hilo.

Pipa

Mashine kwenye pipa, maji juu ya bati la kuzuia mapovu. Kabla ya kuwasha: mweupe hadi bloku, wazi, usukani umechezeshwa, wazi bado, kitufe kimebonyezwa, inalia. Kahawia na buluu za koili, sahani kutoka mwisho hadi mwisho, namba haijatikisika. Vifuniko vya plagi vimerudishwa. Mashine ya CDI haizungushwi plagi zikiwa hewani, moto unaokosa njia unatafuta njia ndani ya koili, tena kuna mvuke wa petroli.

Upotevu wa ethi wakati stata inazungusha, mita kati ya hasi ya betri na bloku: volti 0.3. Betri yenyewe haikushuka chini ya 10.8. Imewaka. Maji ya kupooza yanatoka. Kwa kasi ya kati betri inasoma 14.1. Kengele ya joto nimeijaribu kwa kugusisha waridi kwenye ethi, imelia.

Pipani huwezi kufungua mafuta yote. Kwa hiyo kikohozi bado hakijajibiwa.

Baharini, giza la kwanza

Tumetoka alasiri, mimi, nahodha na dogo mmoja. Kusi bado haijatulia, bahari ilikuwa na mawimbi mafupi, nami niliyataka hayo hayo. Nahodha alifungua nusu, akaniangalia, akafungua yote. Haikukohoa. Akageuza usukani kulia hadi mwisho kwenye mawimbi, kushoto hadi mwisho. Tukaenda mwendo mrefu, tukazima, tukaiacha ikae na joto lake, tukabonyeza kitufe. Ikawaka.

CDI ni ileile iliyokufa kwa watu watatu.

Yaliyobaki kabla sijaifunga kazi hii: nyaya za koili ya plagi ya chini zina nyufa nyembamba, zitabadilishwa mbalamwezi ijayo, kipuri kimeagizwa. Mpira mpya wa tundu la kofia ni wa kuchonga kwa mkono kutoka kandambili, ule wa kiwandani haujavuka. Mchoro wa nyaya nimeuchora upya jinsi zilivyo sasa, si jinsi kitabu kinavyosema, nikaufunga kwenye nailoni na kuubandika ndani ya kofia, pamoja na fyuzi mbili za akiba. Rangi ambazo sikuzipata zimetajwa hapo: taa ya mbele ni waya mweusi wa sola wenye pete nyekundu kila ncha.

Nahodha ana HP 15 nyumbani, nayo imeambiwa CDI imekufa. Ataileta Jumamosi.